Usukani wa Land Cruiser yangu ulivyokuwa ukigonga, na gereji ya Arua iliyopata chanzo

Nina Toyota Land Cruiser pikapu, ile ya injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2. Kazi yake ni kubeba saruji na mabati kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenda Yumbe na Rhino Camp. Nikipakia mifuko 20 ya saruji, tani imetimia.

Mapema mwaka huu usukani ulianza kugonga. Asubuhi nawasha gari, kabla halijasogea nakata kushoto: "ko!" mara moja. Narudisha kulia: "ko!" tena. Halafu kwenye lami ya Nebbi, nikikanyaga shimo kwenye mwendo wa 80, usukani unatetemeka mikononi na hautulii mpaka nishuke 50. Ukiwa na mzigo nyuma na watu wawili pembeni yako, moyo unaruka.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Walisikiliza dakika chache wakasema endi za tairodi zimekwisha, yaani ncha za ile nondo inayounganisha matairi ya mbele. Nikanunua, wakafunga, mlio ukabaki. Wakasema basi ni shokapu ya usukani, ile inayotuliza mtikisiko wa usukani. Tukaweka mpya, mtetemo ukapungua kwa wiki tatu, kisha ukarudi vilevile. Safari ya tatu wakataka ninunue sivijointi mbili, viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya mbele. Hapo nilikataa.

Dereva mwenzangu wa njia ya Juba akanielekeza gereji nyingine, upande wa barabara ya Koboko. Fundi mkubwa pale tunamwita Hajji. Kabla ya kushika spana aliniuliza maswali. Mlio unatoka gari likitembea au limesimama? Frii habu, zile za kuunganisha matairi ya mbele na nguvu ya injini, umezifunga au ziko wazi? Nikamwambia gari limesimama, na habu ziko wazi. Akasema, "Basi mzee, sivijointi tuiachie kwanza. Habu zikiwa wazi haivuti kitu. Na beringi ya tairi itaimbaje wakati tairi halizunguki?"

Akamweka kijana wake kwenye usukani, injini inaunguruma, matairi yako chini, azungushe kidogo tu kushoto na kulia. Mimi na Hajji tukaingia chini ya gari. Hapo ndipo alipoushika mkono wangu akaniambia niweke kiganja pale panhadi inapofungwa kwenye chesisi, yaani ile nondo ndefu inayoizuia ekseli ya mbele isihame kushoto na kulia. Niliusikia mgongano kwa kiganja kabla ya sikio. Raba ya bushi ilikuwa imepasuka, na chuma kinapiga chuma kila usukani unapogeuka.

Lakini bushi peke yake haikumtosheleza. Aliinua mbele kwa jeki, akashika tairi la kulia juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akamwambia kijana akanyage breki, akatikisa tena. Likacheza vilevile. "Ingekuwa beringi ya tairi, breki ingeibana isicheze. Hii ni kingpini." Kingpini ndiyo mhimili ambao tairi la mbele hugeukia kushoto na kulia. Nikamuuliza mbona shokapu mpya ilisaidia zile wiki tatu. Akanijibu kwamba shokapu ya usukani haiponyi mtetemo, inaunyamazisha tu, na huku chini ugonjwa unaendelea.

Walipofungua nilikuwa nimesimama pale pale. Nati kubwa za habu zilikuwa na majeraha ya patasi. Aliyezifungua zamani alizipiga kwa nyundo. Hajji ana soketi yake ya namba 54, anazifungua taratibu. Beringi ya chini ya kingpini ilikuwa na kutu nyekundu, grisi imekauka kama matope. Nilipitisha ukucha kwenye bakuli lake ukawa unakwama, kijishimo kimoja kwa kila rola. Alinieleza kwamba beringi ile haizungushwi duara kama ya tairi, inageuka kidogo tu na kurudi, kwa hiyo inachimba mahali palepale miaka yote.

Tulibadilisha beringi zote nne, sili za pande zote mbili, na bushi za panhadi. Alipofunga, alipima ukazaji wa kila upande kwa mizani ya kuvuta, akiongeza na kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Upande wa kushoto alirudia mara tatu. Sijawahi kuona hilo gereji nyingine yoyote niliyowahi kupeleka gari.

Ukaguzi ni shilingi 50,000, na ukitengeneza kwao wanazikata kwenye ufundi. Ufundi nililipa 250,000. Spea unanunua mwenyewe, lakini anakuonyesha za kuchukua na za kuacha, na za zamani anakurudishia mkononi. Malalamiko yangu ni mawili. Kazi ilichukua siku tatu badala ya mbili, na mimi nalipwa kwa safari. Tena hawana mashine ya alaimenti, ya kupima kama matairi yamenyooka. Walipima kwa futi, mbele na nyuma ya matairi. Kwa ekseli nzima kama hii inawezekana, maana kinachorekebishwa pale ni urefu wa tairodi tu, ila ningependa karatasi ya vipimo.

Nimeshatembea kilomita 6,000 tangu siku ile, usukani umetulia hata kwenye mashimo. Kwenye kilomita 1,000 alinipigia simu mwenyewe nirudi akaze upya nati za mkono wa usukani, na hakuchukua hela. Wiki hii nimeona grisi kidogo inachungulia kwenye sili ya kushoto. Alhamisi nampelekea aitazame kabla sijapakia ya Yumbe.