Tathmini ya Kituo cha Kulelea Watoto Mchana Chanika: Mlango Unaofunguliwa Saa 11:15 Alfajiri

Kwa muda wa miezi kumi na moja sasa, mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, amekuwa akilelewa katika kituo cha kulelea watoto mchana huku Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, na nimeona ni wajibu wangu kuwaandikia wazazi wenzangu yale niliyoyaona, mazuri pamoja na yale yanayonitia wasiwasi. Jina la kituo silitaji kwa ombi la mwenyewe, kwa sababu usajili wake bado unashughulikiwa.

Anayeikumbuka Chanika ya mikorosho na mashamba ya mihogo hawezi kuitambua leo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728; sisi tuliokimbilia huku, ambako kiwanja kilikuwa bado kinanunulika, tumo katika ongezeko hilo. Nyumba tumejenga, lakini kazi zimebaki Kariakoo, Buguruni na Posta, na bibi na shangazi ambao wangetusaidia kulea wamebaki mikoani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Elimu ya awali katika shule za serikali, ambayo haina ada tangu mwaka 2016, humpokea mtoto akikaribia miaka mitano. Kati ya hapo mzazi anajitafutia mwenyewe, na mama anayekaanga maandazi barabarani, ambaye hana mwajiri, hata hizo siku 84 hazijui. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kuchukua hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya mtoto wake, lakini kwa foleni ya Gongo la Mboto saa mbili hazitoshi kunitoa Kariakoo, kunifikisha Chanika na kunirudisha.

Kabla ya kituo hiki nilijaribu kingine, kizuri kwa macho, chenye bembea na kuta zilizochorwa wanyama. Ada yake ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, ikilipwa kwa mihula, yaani shilingi 360,000 mkononi kabla mtoto hajavuka geti, na sare juu yake. Nilikopa nikalipa. Kilichonishinda ni saa: kilifunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyechelewa alitozwa faini. Mimi ni karani wa duka, na duka letu linafungua saa 2. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwacha mtoto kwa jirani, jirani ndiye aliyempeleka, na jioni alimrudisha yeye tena. Nilikuwa nalipa gharama ya malezi mara mbili na bado sikujua mtoto ameshindaje.

Kituo ninachokizungumzia hapa hakina bembea. Ni uani mwa nyumba ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, vyumba viwili na kibaraza kilichoezekwa mabati, chini ya mwembe ambao ndio uwanja wa michezo. Mlango unafunguliwa saa 11:15 alfajiri na mtoto wa mwisho anaweza kuchukuliwa hadi saa 1:30 usiku. Malipo ni shilingi 2,500 kwa siku, uji na chakula cha mchana vikiwemo, au 1,500 kwa anayemfungia mtoto wake chakula. Kwa siku 26 za kazi ninalipa shilingi 65,000, kiasi ambacho ni zaidi kidogo ya nusu ya nilichokuwa nalipa kule. Lakini ningependa msomaji aone kwamba unafuu haupo katika jumla hiyo peke yake. Upo katika namna ya kulipa. Mama anayeuza samaki hupata fedha zake jioni, akalipa jioni anapomchukua mtoto, na siku ambayo hakwenda sokoni hadaiwi. Akikwama, anaandikwa, na Jumamosi wanahesabiana. Mtu wa kipato cha siku haulizi ada ni kiasi gani kwa mwaka. Anauliza leo inatakiwa ngapi, na kituo kinachoshindwa kumjibu swali hilo hakimfikii hata kikishusha bei.

Asubuhi ninapofika bado ni giza. Mwalimu anatoka na tochi, namwamkia shikamoo, anaitikia, kisha kabla hajamchukua mtoto anamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono na kuuliza, "Kalalaje mgeni wangu?" Akimhisi joto, hampokei mpaka tumezungumza. Baada ya hapo linafunguliwa daftari kubwa la mistari ambamo huandikwa jina la mtoto, saa ya kufika, aliyemleta, dawa kama ipo, na mtu mwenye ruhusa ya kumchukua. Safu hiyo ya mwisho iliwahi kunikasirisha. Siku moja mvua ilitushika Pugu, magari hayaendi mbele wala nyuma, nikampigia shemeji yangu amchukue mtoto. Mwalimu alimkatalia, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa akimrukia na kumwita baba mdogo, kwa sababu jina lake halikuwamo daftarini na simu yangu ilikuwa imezima chaji. Nilifika saa 2 na robo usiku, nimelowa, nimejaa maneno ya kusema. Nikamkuta mwanangu ameogeshwa, amelala kwenye mkeka chini ya chandarua, na mlezi mmoja ameketi pembeni yake akimsubiri mama. Maneno yaliniisha. Siku iliyofuata niliandikisha jina la shemeji.

Kuhusu chakula sina la kulaumu. Uji ni wa lishe, wa mahindi, ulezi na karanga, na nimemwona Mwalimu mwenyewe Jumamosi akizichambua karanga kwenye ungo, moja moja, akitupa zile zilizosinyaa na zenye ukungu. Mchana ni wali au ugali kwa maharage, mchicha, na dagaa mara mbili kwa wiki. Maji ya kunywa yanachemshwa, na kando ya choo kuna ndoo yenye koki iliyowekwa kimo cha mtoto.

Kasoro zipo, na nyingine ni nzito. Watoto ni 34 na walezi ni wanne. Kati ya saa 5 na saa 7 mchana wawili wanakuwa jikoni, hivyo wanaobaki wawili wanaangalia wote, wakiwemo wachanga sita wasiojiweza kwa lolote. Niliwahi kuomba ruhusa kazini nikashinda pale siku nzima. Nilimwona mlezi mmoja akibadilisha pampasi huku mguu wake ukizuia mlango ili anayetambaa asitoke kwenda jikoni. Wachanga wanalala chumba kimoja na wakubwa, kwa hiyo mafua yakimwanza mmoja, wiki hiyo hiyo yanawapitia wote. Hadi hivi karibuni kizima moto hakikuwapo, na jiko la mkaa liko hatua chache kutoka kwenye kibaraza. Na walezi wanalipwa kidogo. Msimu wa masika, biashara zinapolala na watoto wakapungua hadi nusu, malipo yao nayo yanapungua. Nafuu ninayoisifia inabebwa na wanawake hawa wanne, na sioni haki kuisifia bila kulisema hilo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na naunga mkono kabisa, kwa kuwa kisichojulikana hakikaguliwi. Maombi yamepelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, naye alipokuja kukagua alitaja mambo yale yale niliyoyataja mimi: chumba cha wachanga, moto, idadi ya walezi. Shida ni fedha za kuyatimiza. Katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, serikali imetaja wazi kwamba mtoto anahitaji afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kumsikiliza mtoto na kumjibu, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Uani kwa Mwalimu mambo hayo yapo kwa kiasi ambacho mfuko wake unaweza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mtaani kwetu vikundi vingi vilivyoomba ni vya batiki, sabuni na ufugaji wa kuku. Nimemshauri Mwalimu na walezi wake waunde kikundi waombe kwa ajili ya chumba cha wachanga, kwa sababu kulea watoto 34 ili wazazi wao waende kazini ni kazi ya kiuchumi kama ilivyo kutengeneza sabuni.

Wakati hilo likisubiriwa, wazazi tulikutana chini ya mwembe Jumapili mbili zilizopita. Kulikuwa na mabishano, kwa kuwa kwa baadhi yetu shilingi mia tatu zinakatwa kwenye nauli ya siku. Tulikubaliana kuongeza 300 kwa siku kwa kila mtoto, isipokuwa kwa wenye watoto wawili, ambao watalipia nyongeza ya mmoja tu, na fedha hizo ziende kwa walezi moja kwa moja. Kizima moto kimenunuliwa kwa mchango wa kina baba. Mlezi wa tano anaanza Jumatatu, na atakaa na wachanga peke yao.