Singer ya kukanyaga kwenye boyeri yetu: uzoefu wangu wa miezi 14

Siku mkokoteni ulipoingia lupangoni, yaani uani kwetu, mume wangu aliuliza kama nimenunua mashini ya kushona au geti. Hakukosea sana. Miguu yote ya hii Singer ni chuma cha kusubu, kimepindwapindwa kama madirisha ya kanisa, na vijana wawili walioisukuma waliomba maji kabla ya kuomba pesa. Nililipa dola 90 kwa mzee mmoja wa Komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, dola 3 za mkokoteni, kisha dola 25 kwa fundi aliyeifufua. Jumla 118. Dada yangu hajaacha kunikumbusha kwamba kwa pesa hiyo ningepata mashini mpya ya umeme, nyepesi, ya kubeba kwa mkono mmoja.

Nilikuwa natafuta kitu cha kuweka kwenye boyeri. Nyumba yetu ya Bel-Air ni ya matofali, ya wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, na kama nyumba nyingi za namna hiyo ina kijumba nyuma, ndiyo boyeri, alimokuwa analala mtumishi wa Mzungu. Chumba kimoja, dirisha moja, kibaraza cha simenti mbele. Kwa miaka sisi tulikitumia kuweka magunia ya makala (makaa ya kupikia) na baiskeli zilizokufa. Nikakitoa makala, nikakipaka chokaa mara tatu (weusi wa makala hautoki kwa mara moja, usidanganyike), nikaanza kuingiza vitu vyangu: kabati la mbao ya mulombwa la marehemu baba, sahani ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, redio ya lampu ambayo haiongei tena lakini tumbo lake linabeba reli zangu zote za nyuzi. Ukutani kuna mchoro wa mamba muntu, mwanamke nusu samaki, niliomnunulia mchoraji wa barabarani. Mama mkwe wangu anapenda chumba hicho kuliko sisi wote, lakini kiti chake lazima kiupe ule mchoro mgongo. Anasema yule mwanamke wa majini hatoi utajiri bure, na yeye hana mjukuu wa ziada.

Sasa mashini yenyewe. Kwenye shina lake kuna kibao kidogo kimeandikwa 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Namba yake inaanza na E na herufi nyingine, na hizo nazo ni za kiwanda hicho hicho. Nayasema haya kwa sababu muuzaji wa kwanza niliyemwendea, si huyu mzee, alitaka kuniuzia mashini yenye stika mpya ya Singer juu ya chuma kisichokuwa na namba popote. Ukienda kununua, pitisha kidole chini upande wa kulia, penye kitako. Namba imegongwa kwenye chuma. Stika inabandikwa na yeyote.

Faida ya hili kundi la 15 ni kwamba dunia nzima imeliiga. Zile mashini za Kichina za Butterfly ambazo mafundi wetu wanazitumia chini ya miti zimejengwa kwa umbo lake, kwa hiyo bobini (kibiringo cha uzi wa chini), kijumba cha bobini na sindano vinapatikana sokoni bila kuhangaika. Nimebadilisha kijumba cha bobini mara moja, kikaingia kama kimezaliwa humo. Mtu akikupa mashini yenye bobini ndefu kama risasi, ile inayokaa ndani ya kitu kama mtumbwi, fikiri mara mbili. Ni nzuri ya kutazama, lakini siku ule mtumbwi ukipotea utautafuta mpaka uchoke.

Mzee aliniambia neno moja tu kabla ya kupokea pesa. "Mama, hii ni ya kazi, haiko ya kupamba nyumba." Mama yake alijifunza kushona kwenye fwaye sosiali, kituo cha mafunzo ya wanawake, miaka ya 1950, wakati wake za wafanyakazi walipofundishwa kushona, kupika kwa namna ya Kizungu na kuogesha mtoto, na kwa mashini hiyo alivalisha watoto tisa. Kwenye saraka ya kushoto nilikuta vifungo kumi na vitatu, kipande cha chaki, na mkono wa shati ya mtoto uliokatwa kwenye gazeti, umekunjwa mara nne.

Hali yake siku ile haikuwa nzuri. Gurudumu lilikuwa zito kama la gari lililokwama. Fundi akafungua, akanusa, akacheka: mtu aliwahi kuitia mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya chuma yanaganda kama gundi. Akaiosha kwa mafuta ya taa, tone kwa tone, akaiacha ilale, akarudi kesho yake kuizungusha kwa mkono, taratibu, mpaka ikalegea yenyewe. Halafu mafuta ya mashini ya kushona, yale mepesi yasiyo na rangi. Hiyo dola 25 sikuijutia hata kidogo. Mkanda wa ngozi ni wa fundi huyo pia, umeunganishwa kwa kipande cha waya. Unalegea baada ya miezi, na hapo unakata kipande kidogo na kuufunga upya. Nimefanya mara mbili kwa koleo la mume wangu.

Kujifunza kukanyaga kulinitesa. Nilishona tangu utotoni, lakini kwa mashini ya mkono ya shangazi. Hapa gurudumu lazima lianze kuja upande wako. Mguu ukikanyaga vibaya likarudi nyuma, uzi unakatika, au unajikunja chini ya kitambaa kama tambi. Wiki ya kwanza nilimaliza reli nzima kwa kukata tu. Fundi akaniambia nitoe uzi kabisa, nichukue karatasi za daftari za watoto, nishone juu ya mistari kwa sindano tupu. Jioni tatu nilishona hesabu za mtoto wa darasa la nne primeri. Siku ya nne miguu ilijua, na tangu hapo sijafikiri tena.

Na sauti yake! Sina neno zuri la kuieleza. Si kelele ya mota. Ni kama mtu anayetembea haraka kwenye ubao, na unaweza kuongea juu yake bila kupaza.

Lakini sababu ya kuandika haya yote ni kiangazi, miezi yetu ya ukavu na baridi. Umeme hapa unakatika unavyotaka. Delestaji inaweza kukuta mkono wa blauzi uko nusu. Majirani wawili wana mashini nzuri za umeme, na siku hizo zimefunikwa kitambaa. Mimi nakanyaga. Na kwa kuwa haihitaji prizi, inakwenda popote. Ile miguu ya chuma ina vigurudumu vidogo, hivyo asubuhi naivuta kutoka chumbani mpaka ukingo wa kibaraza, bustani iko mbele ya magoti.

Asiyeishi Katanga haelewi mwezi wa sita na wa saba ulivyo. Tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, usiku baridi inauma, watoto wanaamka wakigombania mbabula, jiko la makala. Saa tatu asubuhi jua linaingia kwa pembeni, halichomi, na anga halina wingu hata moja tangu mwezi wa tano. Hapo ndipo nakaa. Kushoto kuna poinsetia, mti mzima umewaka nyekundu, maana huku kwetu unachanua wakati huu wa baridi. Bugenvilia imepanda juu ya boyeri na kuficha mabati. Katikati nimeweka matuta manne ya lengalenga (mchicha) na matembele, na ukingoni sitroneli ya chai. Kila saa kumi na moja jioni tunachota kisimani. Bila kisima, bustani ya kiangazi ni ndoto tu. Miezi minne au mitano mbingu hazitoi tone.

Vumbi ndilo adui wa kweli. Vumbi jekundu la barabara linaingia kwenye mafuta, na mafuta yenye vumbi ni msasa. Nimejifunza kufagia chini ya sahani ya sindano kila Jumamosi kwa brashi ya meno, na kuifunika mashini kwa kitenge kila ninapoinuka, hata kama ninaenda tu kugeuza bukari (ugali). Ukisahau wiki mbili, gurudumu litakuambia.

Mwezi wa tisa jakaranda ya jirani ilianza kuchanua, na hapo nilipata hasara ya kijinga. Nilikuwa nashona gauni jeupe la ubatizo kwa mteja, pindo la chini, mita tatu. Ua moja likaanguka mezani, likaingia ndani ya pindo, nikalishona humo humo bila kuliona. Niliposhtuka pasi ya makala ilikwisha kupita juu yake. Doa la kahawia, dogo kama ukucha wa mtoto. Nilifumua, nikaloweka, nikasugua kwa limau, nikaishia kukata kipande na kuweka lesi mahali pake. Mteja alisifu lesi. Sikumwambia. Siku hizi jakaranda ikichanua narudi ndani hatua mbili, chini ya bati.

Mvua nayo ilinionyesha udhaifu mwingine. Meza ya juu si mbao nzima. Ni tabaka jembamba lililogandishwa juu ya mbao nyingine. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja nilisahau kuivuta ndani, upepo ukasukuma mvua mpaka barazani, na asubuhi pembe ya kulia ilikuwa imevimba na kuinuka kama mkate. Seremala aliibana kwa gundi, lakini alama ipo. Ukinunua, kagua hapo kwanza: bonyeza pembe zote kwa kidole gumba. Ikiita kama ngoma, punguza bei.

Kuhusu mchwa, Mlushois, mtu wa Lubumbashi, hahitaji kusimuliwa. Tunaishi katika nchi ya vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na udongo wake ndio tunaochomea matofali. Mashini imejiokoa kwa miguu yake ya chuma, kabati la mulombwa nalo hawakuligusa, mbao hiyo wanaiogopa. Lakini nilikuwa na sanduku la mbao laini, la kizamani, zuri sana, nililolipa dola 15 kwa ajili ya karatasi zangu zote za vipimo. Tulikwenda Likasi kwenye matanga, siku nane. Niliporudi nikaliinua, chini lilibaki sakafuni. Ndani kulikuwa na udongo tu na vipande vya karatasi kama pumba. Siku hizi kila kitu cha mbao kinakaa juu ya matofali au makopo yenye mafuta machafu ya gari. Hakipendezi, lakini kinaendelea kuwa kitu cha mbao.

Kama ni kutoa nyota, mashini naipa nne kati ya tano. Inashona vitenge vilivyopandana, inashona jinzi, inashona pazia nzito bila kulia. Ile nyota ya tano inaondoka kwa sababu mbili. Yangu haina kishikio cha kurudi nyuma, hivyo mwisho wa kila mshono nageuza kitambaa na kurudi kwa mkono. Na inajua mshono mmoja tu, ulionyooka. Ukitaka zigizaga ya kuzuia kingo zisifumuke, huna. Mimi naficha kingo kwa kushona mara mbili, au namlipa fundi wa barabarani. Anayeshona tisheti na nguo za kuvutika aachane nayo. Anayekaa ghorofani pia, au tuseme amwonee huruma atakayeibeba. Wa kuinunua ni mtu mwenye nyumba ya chini, fundi anayemjua kwa jina, na subira ya jioni tatu za karatasi.

Wiki iliyopita yule mzee alipita. Alikuwa na shughuli huku kwetu, akaomba kuiona mashini. Nilimwekea kiti kibarazani, nikampa chai ya sitroneli. Aliitazama, akazungusha gurudumu kidogo kwa kiganja, kuja upande wake, bila kufundishwa. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kwenye saraka sikukuta karatasi ya gazeti, mkono wa shati.

"Ulikuwa wa kwangu," akasema. "Nilikuwa na miaka sita."

Niliihifadhi vizuri, Papa, nikamwambia. Niliitia kwenye sanduku.

Nikaenda kumletea vifungo. Alivihesabu juu ya goti, vyote kumi na vitatu, akachukua kimoja cheupe chenye matundu mawili, akanirudishia vingine.