Nzi wa matango: uzoefu wangu na iNaturalist

Matango yangu hapa Kibaha yalikuwa yanapinda na kuoza yakiwa machanga. Ukilipasua, ndani funza. Duka la pembejeo wakaniuzia mtego wenye chambo cha methili eujenoli. Ndani ya wiki ukajaa nzi, nikafurahi kweli, lakini matango yakaendelea kuoza vilevile. Nikaona nimjue kwanza nzi mwenyewe.

Programu ya kwanza ya simu ya kutambua wadudu kwa picha niliyojaribu ilimwita nyigu. Nikaifuta, nikapakua iNaturalist, ambayo ni ya bure. Yenyewe hupendekeza jina, halafu watu wanaowajua wadudu huitazama picha wakakubali au kusahihisha. Kwangu hao watu ndio thamani yake yote.

Picha yangu ya kwanza nilipiga kwa mbali, ikatoka na ukungu, ikaishia kuitwa "nzi" tu. Mara ya pili nilimfunika kwa glasi nzi aliyetua kwenye tango, nikamweka kwenye friji dakika chache ili atulie, nikampiga picha kwa lenzi ndogo ya kubana kwenye simu: mgongo, ubavu, bawa. Nikampiga na mmoja wa kwenye mtego. Baada ya siku mbili nikapata majina mawili tofauti!

Wa mtegoni ni Bactrocera dorsalis, yule mharibifu wa maembe aliyeonekana Afrika mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003. Ana mistari miwili ya njano mgongoni, mmoja kila upande, na bawa lake halina madoa. Wa kwenye tango ni Zeugodacus cucurbitae, nzi wa matango na maboga: ana mstari wa tatu wa njano katikati ya mgongo, na doa jeusi kwenye ncha ya bawa. Kumbe muda wote nilikuwa nanasa nzi wa mwembe wa jirani. Methili eujenoli huvuta madume wa dorsalis. Huyu wangu anataka chambo kingine, Cue-lure.

Nimebadilisha chambo. Matango machanga nayafunika kwa mifuko ya karatasi, maana mtego hunasa madume na wanaotaga ni majike.

Picha huonekana hadharani pamoja na mahali ulipoipigia, kwa hiyo kama ni nyumbani, chagua kuficha eneo kabla ya kuipakia.

Nyota 5. Juzi nimechuma matango 18, yenye funza yalikuwa 2.