Kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni: tathmini ya shughuli za pamoja katika makao ya wazee, Iringa

Makao ya wazee ninayoyatathmini hapa yako nje kidogo ya mji wa Iringa, na yanaendeshwa na watawa wa kike wakisaidiwa na wahudumu walioajiriwa kutoka vijiji vya jirani. Mama yangu mkubwa anaishi hapo, na kwa sababu hiyo nimekuwa mgeni wa mara kwa mara, siku za kazi na hata Jumapili, nikikaa barazani kwa muda mrefu kuliko adabu ya ugeni inavyoruhusu. Kuhusu usafi, chakula na dawa nitasema kwa ufupi tu kwamba sikuona dosari ya kuandikia: mashuka yanafuliwa, ugali na mboga vinafika mezani vikiwa vya moto, na mzee mwenye presha hakosi kidonge chake. Nilichokusudia kukitathmini ni jambo ambalo familia nyingi husahau kuliuliza siku ya kumpeleka mzee, yaani atakuwa akifanya nini, na pamoja na nani, kuanzia anapomaliza chai ya asubuhi mpaka anapoitwa kwenye chakula cha jioni.

Swali hilo si la anasa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, inaitaja familia kuwa ndiyo mlezi wa kwanza, na makao kuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo anayefika makaoni kwa kawaida amekwisha kupoteza mengi njiani, iwe ni mwenza, shamba, au watoto waliokwenda Dar es Salaam wasirudi. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kupalilia mahindi yake Kilolo huumizwa na kukosa anayemhitaji kuliko anavyoumizwa na kukosa burudani. Ratiba ya makao haya nimeipima kwa kigezo hicho, nayo inafanya vizuri sana katika baadhi ya mambo na vibaya kabisa katika mengine.

Shughuli iliyo bora kuliko zote ni kundi la kusuka vikapu vya milulu (aina ya nyasi za kusukia), ambalo hukutana asubuhi kwenye baraza linalotazama mashariki. Vikapu vya Iringa vinafahamika nchi nzima, na bibi wengi wa hapa wamevisuka tangu utotoni, hivyo hakuna anayehitaji kufundishwa. Mwanafunzi pekee pale ni mhudumu kijana, ambaye hukaripiwa waziwazi anapolegeza msuko. Milulu mikavu hukatika, kwa hiyo hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa kitambaa kabla ya kazi kuanza, na jukumu hilo amepewa bibi ambaye ugonjwa wa kusahau umemzidi kiasi kwamba majina ya wanawe hayakumbuki tena, lakini mikono yake bado inajua ni unyevu gani unatosha. Bibi mwingine, ambaye macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, huanzisha vitako vya vikapu kwa kupapasa, akikandamiza kila mzunguko kwa kidole gumba mpaka aridhike kwamba umekaza, kisha humpitishia jirani wa kulia kwake ili apandishe ukuta. Kikapu kimoja huweza kupita katika mikono ya watu wanne au watano kabla hakijafungwa mdomo.

Nilipomuuliza sista anayesimamia kundi hilo aliupataje mgawanyo huo, alinieleza kwamba kila mzee mpya huketi naye kwanza bila kazi yoyote maalumu, akitazama tu vidole vinaweza nini na macho yanaona mpaka wapi, ndipo anapompangia nafasi. Utaratibu wa kukaa nao umefikiriwa. Hawazidi wanane kwa mkupuo mmoja, na viti, ambavyo vyote vina mikono ya kushikilia wakati wa kunyanyuka, hupangwa duara ili asiyesikia vizuri aone midomo ya wenzake. Anayezungumza haketishwi akiwa amelipa jua mgongo, kwa sababu uso ulio gizani hausomeki. Kazi husimamishwa kabla watu hawajachoka, baada ya muda wa takriban saa moja hivi, na wengi huondoka wakinung'unika kwamba wamekatizwa, jambo ambalo kwangu ni sifa.

Hata hivyo, nina lawama moja kuhusu vikapu hivyo. Vinapokamilika huuzwa kwa wageni na fedha huingia katika mfuko wa makao, na wasukaji hawaambiwi kitu. Mama mkubwa alipouliza kikapu alichokifunga mdomo yeye mwenyewe kimeuzwa shilingi ngapi, alijibiwa kwa upole mwingi kwamba asijisumbue. Mwanamke aliyeuza vitunguu pale Ruaha Mbuyuni kwa sehemu kubwa ya maisha yake hajisumbui anapouliza bei, na sioni ugumu wa kumsomea hesabu mwisho wa mwezi, hata kama fedha zote zimenunua sabuni.

Babu wana bao. Ni bao la mashimo 32 na kete 64, limewekwa chini ya mparachichi, na kwa kuwa linamtaka mchezaji ahesabu, akumbuke na kupiga mbele mahesabu ya mwenzake, linafanya kazi kubwa ya kuchangamsha akili bila mhudumu yeyote kusimama hapo. Kete ni komwe, ambazo ni za kijivu, na ubao wenyewe kwa kuzeeka nao umekuwa wa kijivu, hata mzee asiyeona vizuri alikuwa akiteka asichokiona. Mtu mmoja mwenye busara akapaka chokaa ndani ya mashimo, na ugomvi ukapungua kwa kiasi fulani. Tatizo la bao ni kwamba wachezaji ni wawili na waliobaki ni watazamaji. Yupo pia bibi mmoja ambaye husimama nyuma yao na kutaja waziwazi mtaji uliokosewa, yaani nafasi ya kula kete za mwenzake, na kwa maoni yangu angewafunga wote, lakini hakuna aliyempa kiti.

Mchana, baada ya mapumziko, huwa kuna kikao cha mazungumzo kinachoongozwa na mhudumu mmoja kijana. Mbinu yake ni nyepesi na nzuri: huleta kifaa kimoja cha zamani, kama vile kibatari, jembe lililolika au redio ya betri, na kila mzee hukishika kwanza kabla ya kukizungumzia. Siku ya redio niliyoshuhudia iliwapeleka moja kwa moja mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo wanavijiji walikusanyika katika vikundi kusikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee hawa, kwa maneno mengine, waliwahi kuwa wanachama hodari wa shughuli za pamoja zilizopangwa kwa ratiba, na hawakuhitaji kubembelezwa ili wachangie. Kutoka hapo mazungumzo yalihamia kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kwa kuwa babu mmoja wa Makambako alibeba mataruma katika miaka ya mwanzo ya 1970, na bibi wa Kalenga akawarudisha nyuma zaidi, mpaka Juni 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporejeshwa nyumbani naye akiwa binti mdogo aliyebebwa mabegani ili aone watu wazima walikuwa wakitazama nini.

Kasoro ya kikao hicho ni moja, nayo inarekebishika. Kijana huyo ana mazoea ya kuuliza kimtihani: ilikuwa mwaka gani, aliitwa nani, mlikuwa wangapi. Swali la namna hiyo humfunga mdomo mzee mwenye kusahau, tena mbele ya wenzake. Siku alipouliza kwenye kambi za ujenzi wa reli walikuwa wakila nini, hata babu ambaye sijawahi kusikia sauti yake alisema, “Maharage yenye wadudu,” watu wakacheka, naye akaendelea kwa muda mrefu.

Jumamosi ndiyo siku mbaya. Vikundi kutoka mjini huja na mchele, sukari na sabuni, na nia yao ni njema, lakini wazee hupangwa katika mistari kama watoto wa shule siku ya ukaguzi, wakasikiliza nyimbo na hotuba, wakapigwa picha wakipokea mche wa sabuni, na kusuka kunaahirishwa. Karibu na tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya wazee, wageni huongezeka na ratiba hupotea kabisa. Sipendekezi wageni wakataliwe, kwa sababu makao yanaishi kwa misaada yao. Wangeweza tu kuketishwa ndani ya duara, wapewe milulu, wasahihishwe. Uongozi ukisita kuwaambia hivyo wafadhili wake, nauelewa, ingawa sikubaliani nao.

Mambo mengine mawili yanahitaji kurekebishwa mapema. Mwezi Juni na Julai baridi ya Iringa si ya kuchezea, na bado kundi la asubuhi hutolewa barazani saa tatu, wazee wakiwa wamejifunga blanketi na vidole vimekufa ganzi. Kulisogeza mpaka saa tano jua linapokolea hakutagharimu chochote. Zito zaidi ni hali ya wasioweza kutoka kitandani. Kwao shughuli ya pamoja ni redio iliyofunguliwa chumbani kutwa nzima, ambayo hakuna aliyewauliza kama wanaitaka. Sinia la maharage ya kuchambua lingeweza kuwekwa mapajani mwa wawili waliolala vitanda jirani, wakachambua huku wakizungumza, na jiko likapata maharage safi. Nilipolitaja hilo niliambiwa wahudumu ni wachache, na ni kweli, lakini maharage hayo hivi sasa huchambuliwa na wahudumu haohao.

Pamoja na lawama zote hizi, mzee wangu mwingine akihitaji makao nitampeleka hapo, na kwa anayetafuta nafasi kwa ajili ya mzee wake nashauri aende kutazama asubuhi ya siku ya kusuka wala asiende Jumamosi, na akitaka kubeba zawadi, mafungu mawili ya milulu kutoka sokoni yatapokelewa kwa furaha kuliko sukari. Fomu ya kumwandikisha mzee ina nafasi ya maradhi, dini, na jina la ndugu wa kupigiwa simu. Nafasi ya kazi aliyokuwa akiifanya haimo, kwa hiyo iandike kwa mkono pembeni, kisha mtafute sista wa vikapu umsomee.