Draiva za mota za stepa: bodi nzuri, karatasi ya uongo

Bado nina hasira. Karatasi inayokuja na hizi draiva imeniharibia kazi ya mteja, na duka lililoniuzia pale Kariakoo likaniongezea dharau.

Ni zile bodi ndogo zenye chipu ya A4988, za kuendesha mota za stepa, yaani mota zinazozunguka hatua kwa hatua. Nilizifunga kwenye mashine yangu ya kuchonga vibao vya majina. Karatasi inasema geuza kiskrubu cha kupangia mkondo mpaka mita isome volti 0.8, mota itapata ampea 1. Nikageuza, ikasoma 0.8 kamili, nikawasha. Haikupita muda mota zikawa hazishikiki kwa moto. Herufi za mwanzo zilitoka safi, kisha upande mmoja ukaanza kuruka na jina likahama katikati ya ubao. Ubao wa mninga, jamani!

Kwenye bodi kuna rezista mbili ndogo, moja kwa kila koili (waya uliozungushwa ndani) ya mota. Mkondo unapita humo, na volti ya kwenye rezista ikifika kiwango ulichopanga, chipu inaukata. Mkondo unashuka kidogo, inafungulia tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Bila kukatakata huko, volti 24 kwenye koili ya om chache zingeiunguza. Kiwango cha juu cha ampea ni volti ya kiskrubu kugawanya kwa jibu la rezista mara 8. Rezista ikiwa om 0.1, karatasi inasema kweli. Zangu zimeandikwa R050, yaani om 0.05! Ile 0.8 inatoa ampea 2, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la koili linapanda mara nne. Chipu nayo ikizidiwa na joto inajizima, ikipoa inaamka, na hapo katikati mota imeshapoteza hatua.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakutaka hata kuishika bodi. "Bosi, wenzako wanachukua boksi zima na hakuna aliyelalamika. Mota zako ndiyo mbovu." Nikampigia picha ile R050, nikaikuza kwenye simu aione. Akasema namba hizo hazimhusu, akamgeukia mteja mwingine. Mtu anauza kitu cha umeme, na namba iliyo juu yake haimhusu?

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Lakini niliposhusha mpaka volti 0.4, mota zikawa vuguvugu tu na herufi zikanyooka, hata zile ndogo. Kwa kweli bodi zenyewe hazina tatizo, nazipa nyota nne. Au tatu, kwa sababu karatasi ni sehemu ya bidhaa, na anayeanza leo ataifuata kama mimi nilivyoifuata. Duka halipati hata moja. Zilizobaki kwenye pakiti nitazitumia, ila pale sirudi hata wakizigawa bure.