Themostati ya nyuzi 76.5 kwenye pikapu: walichoniuzia Kirinyaga Road

Nimekaa na hasira hii nikitumaini itapoa, haijapoa. Kama una pikapu ya dizeli inayopandisha joto na mtu wa spea akakwambia, "Mkubwa, weka tu themostati ya joto la chini, haitachemsha tena," rudisha pesa mfukoni uondoke. Themostati ni kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa mpaka yapate joto fulani; ya nyuzi 76.5 hufunguka mapema kuliko ya 82.

Pikapu yangu ni Hilux ya kazi. Inabeba vitunguu na viazi kutoka upande wa Naivasha hadi soko la Marikiti. Kwenye mpando wa Mai Mahiu, nikiwa na mzigo nyuma ya malori yanayotambaa, geji ya joto ilikuwa imeanza kuvuka katikati. Haikuwa ikichemsha. Nikishafika juu, karibu na Rironi, na upepo ukaanza kupiga mbele, sindano inarudi mahali pake. Basi nikaenda Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, kutafuta kifuniko kipya cha rejeta (ile ya mbele inayopoza maji ya injini), kwa sababu kile cha zamani mpira wake ulikuwa umechoka. Hilo tu.

Yule kijana wa kaunta hakutoka kuliona gari. Hakuuliza mzigo ni kiasi gani, wala kama feni inavuta. Alishusha kiboksi rafuni akasema, "Yako ni 82, mkubwa, hiyo ni ya Ulaya kwenye baridi. Hii ni 76 na nusu. Sisi huku Afrika ni joto." Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, Nairobi, na sote wawili tulikuwa tumevaa majaketi! Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na yeye ananiuzia spea kwa habari ya joto la Afrika.

Fundi wao alikuwa nje, kando ya barabara. Alichomoa paipu ya chini, na kulanti yangu, yale maji maalumu ya rejeta, nyekundu, bado safi, ikaenda yote mtaroni. Hata karai hakuweka. Nikamwuliza, "Fundi, mbona hukingi?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mzee, maji si shida." Akajaza maji ya mfereji. Ule mpira unaovaa kwenye ukingo wa themostati akaurusha kando, akapaka silikoni kwa kidole kuzunguka kifuniko, ikafura hadi nje kama povu. Kulanti si maji yaliyotiwa rangi. Inazuia kutu ndani ya injini, na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Kwa huku kwetu juu jambo hilo ni zito, kwa kuwa sufuria ya maji Nairobi inachemka kwenye nyuzi kama 94, haifiki 100. Presha ya kifuniko cha rejeta ndiyo inayosukuma kipimo hicho juu, na kifuniko nilichokwenda kutafuta hakikuuzwa siku hiyo. "Hicho bado kiko sawa," walisema.

Tangu hapo, asubuhi nikitoka Kinoo nashuka Waiyaki Way, sindano inalala chini hadi nakaribia Westlands. Injini inanguruma kwa ubaridi, moshi mweupe unatoka nyuma, na dizeli ikawa inaisha upesi kuliko nilivyozoea. Dizeli inataka joto lake ili iungue vizuri, na oili pia inalihitaji ili unyevunyevu utoke. Hayo ningevumilia kama mpando ungekuwa salama. Haukuwa. Pale pale Mai Mahiu geji ikapanda kama zamani, na safari hii haikusimama. Ilichemsha kabisa. Nikaegesha kando, mvuke ukitoka chini ya boneti, vitunguu vya watu vikipigwa jua huko nyuma na simu kutoka sokoni zikiingia moja baada ya nyingine.

Nilirudi dukani na risiti. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimsalimia, nikamweleza polepole. Akanitazama, akamtazama mwenzake, akasema, "Mzee, mimi nilikuuzia spea, sikukuuzia safari." Mwenzake akacheka. Kisha akanigongea kidole kwenye risiti, pale palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nina umri wa baba yake. Kati ya yote, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mzee mmoja wa gereji huku Kangemi ndiye aliyenionyesha ukweli, tena bila maneno mengi. Aliomba themostati zote mbili, ya zamani na mpya. Akazining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, na kipimajoto katikati. Tukachuchumaa tukitazama. Ile mpya ilianza kufunguka kipimo kilipopita 76. Ya zamani ikangoja kidogo, nayo ikafunguka kwenye 82, kama ilivyoandikwa. Kumbe yangu haikuwa na kosa lolote!

"Sasa baba," akaniambia, "hii kitu ni kama askari wa geti. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ipate joto. Geti likishakuwa wazi lote, ukibadilisha askari unapata nini?" Na ni kweli. Sindano ikifika kwenye hatari, themostati zote mbili zilishafunguka zamani. Kuanzia hapo kazi ni ya rejeta, feni na pampu ya maji. Akaingiza mkono mbele ya rejeta, akatoa tope kavu na makapi, yamegandamana kwenye vile vibati vyembamba hadi hewa haina pa kupita. Tuliiosha kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Akanirudishia ile ya 82 na mpira mpya, kulanti, na kifuniko. Sasa napanda na mzigo uleule na sindano imetulia.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuiita themostati hii takataka. Haki inanikataza, kwa maana ilifanya kile kilichoandikwa juu yake. Pengine mwenye pikapu ya kuvuta trela kwenye joto kali la Lodwar au Garissa, rejeta yake safi, ataipata nafasi ndogo ya kupumua kabla joto halijapanda. Labda. Hapana, nafuta neno hilo. Hata wa Lodwar aoshe rejeta kwanza, apime kifuniko, aangalie feni, kisha akitaka ndipo ajaribu hiyo spea. Kwa gari la Nairobi na Limuru sioni sababu hata moja, na anayekuuzia bila kufungua boneti hastahili shilingi yako.

Na wewe kijana wa kaunta, risiti ninayo bado. Pesa ya hiyo themostati kaa nayo. Ninachodai ni pesa ya kulanti yangu mliyomwaga mtaroni, na nitakuja kuidai mbele ya wateja wako.