First Flight au Manteo: utue wapi?
Rubani wa ndege ndogo anayezuru Kill Devil Hills, North Carolina, ambako ndugu Wright, waanzilishi wa urushaji ndege, waliruka Desemba 17, 1903, ana viwanja viwili vya ndege vya kuchagua.

First Flight kimo ndani ya eneo la kumbukumbu ya ndugu hao: unafunga ndege kamba, unatembea hadi mnara wa kumbukumbu. Raha hiyo ina masharti. Njia ya kurukia ni futi 3,000 kwa 60 tu, hakuna taa wala mafuta, na mwisho wa kuegesha ni saa 24. Siku ya joto, ndege iliyojaa abiria na mafuta huchelewa kupaa, na mbele kuna miti.

Manteo, kisiwani Roanoke, kina taa, mafuta na njia ya zaidi ya futi 4,000, ila utahitaji gari. Tunashauri ujaze mafuta Manteo kwa kiasi, kisha utue First Flight mchana. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, baki Manteo.